PORI NA MAHAME: SANAA YA MPIGA PICHA ANSEL ADAMS

Utangulizi

Kiswahili kina maneno mengi ya kutajia nchi isiyolimwa. Pori ni mahali ambapo watu hawakai wala hawalimi. Nyika ni nchi pana yenye mvua haba, majani makavu na miti ya kutawanyika. Mbuga ni uwanda wa majani, na msitu ni mahali palipofungwa na miti. Lakini liko neno jingine ambalo aghalabu husahauliwa katika orodha hii, nalo ni mahame. Mahame ni mahali palipokaliwa na watu, kisha watu hao wakapahama. Miti imeota juu ya misingi ya nyumba zao, na mtu asiyepajua akipita hapo husema kuwa amepita porini. Mwenyeji hasemi hivyo. Yeye huuona mwembe uliopandwa kwa mkono, huviona vigae vya vyungu na mafiga yaliyofunikwa na majani, akajua kwamba hapa palikuwa na mji.

Katika insha hii tunakusudia kuitumia tofauti hiyo ya pori na mahame kupimia kazi ya msanii mmoja wa Marekani, Ansel Adams, aliyezaliwa mwaka 1902 na kufariki mwaka 1984. Huenda msomaji akauliza: mpiga picha wa milima ya California ana uhusiano gani na utamaduni wetu? Jibu ni kwamba nchi zetu za Afrika Mashariki zinajulikana duniani kwa picha za nyika kuliko kwa jambo jingine lolote. Picha hizo zimo katika kalenda za ukutani, katika stempu na katika mabango ya kuwaita watalii. Twazipokea kana kwamba zimejipiga zenyewe. Kumbe namna ya kuitazama nyika kwa kamera ina historia yake, ina mafundi wake na ina kanuni zake, na Adams ni miongoni mwa mafundi walioifikisha kileleni.

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Adams alifundisha, kwa maneno na kwa vitendo, kwamba picha ya pori haiokotwi njiani; huundwa. Fundisho hilo ni la kweli, nasi twapaswa kulichukua. Lakini tukilichukua kwa ukamilifu wake, hatuna budi kuuliza pia: katika kuiunda picha hiyo, ni kitu gani kilichoondolewa?

Kutoka Kinanda hadi Kamera

Ansel Adams alizaliwa katika jiji la San Francisco tarehe 20 Februari, 1902. Alipokuwa na umri wa miaka minne jiji hilo lilipigwa na tetemeko kubwa la ardhi, na mtikiso mmoja uliofuata ulimrusha ukutani akavunjika pua. Pua hiyo ilibaki imepinda maisha yake yote. Shule hazikumfaa. Alikuwa mtoto asiyetulia, na baba yake akamtoa darasani na kumtafutia walimu wa nyumbani. Mwaka 1915 baba huyo alimnunulia tikiti ya mwaka mzima ya kuingilia maonyesho makubwa ya ufundi na sanaa yaliyofanyika jijini humo, na maonyesho hayo yakawa ndiyo darasa la kijana huyu.

Wakati huo alikuwa amekwisha jitia katika kujifunza kinanda, na kwa miaka mingi nia yake ilikuwa kuwa mwanamuziki. Mwaka 1916 familia ilikwenda kupumzika katika bonde la Yosemite, milimani mwa Sierra Nevada, na wazazi wake wakampa kamera ndogo ya Kodak, ile ya sanduku. Tangu safari hiyo hadi mwisho wa uhai wake alirejea Yosemite kila mwaka. Mwaka 1919 alijiunga na Sierra Club, chama cha watetezi wa milima kilichoasisiwa mwaka 1892, na kuanzia mwaka 1920 aliajiriwa kwa misimu minne ya kiangazi kuitunza nyumba ya chama hicho iliyokuwamo bondeni.

Muziki ulimwachia Adams mambo mawili. La kwanza ni nidhamu ya mazoezi: mpiga kinanda hurudia sauti ileile mara elfu hadi vidole viitii akili. La pili ni wazo ambalo alilitumia maisha yake yote. Alikuwa akiifananisha negativu, yaani kile kioo au filamu inayogeuza weusi kuwa weupe na weupe kuwa weusi, na muziki ulioandikwa karatasini. Na picha iliyochapwa aliifananisha na muziki huo ukipigwa mbele ya watu. Sisi twaweza kulieleza jambo hili kwa mfano wa karibu zaidi. Utenzi ulioandikwa ni mmoja, lakini wakighani watu wawili hausikiki sawa. Mmoja atapandisha sauti pale ambapo mwenziwe ameishusha. Maneno hayakubadilika, ila kazi iliyotufikia masikioni ni nyingine. Ndivyo alivyoiona Adams kazi ya chumba cha giza. Negativu moja aliweza kuichapa kwa namna moja katika ujana wake, na kwa namna nyingine kabisa uzeeni.

Kuiona Picha kwa Jicho la Moyo

Siku iliyomfanya Adams kuwa msanii inajulikana. Ilikuwa tarehe 10 Aprili, 1927. Pamoja na mchumba wake, Virginia Best, na marafiki wachache, alipanda kwa miguu kwenda mahali panapotazamana na Half Dome, jabali kubwa la itale lililosimama wima kama ukuta juu ya bonde la Yosemite. Mgongoni alibeba kamera nzito ya mbao, kiegemeo cha miguu mitatu, na mabamba kumi na mawili ya kioo yaliyopakwa dawa. Kamera ya aina hiyo haina haraka. Kila bamba hutoa picha moja tu, na bamba likiharibika hakuna la kufanya.

Walipofika mbele ya jabali alikuwa amebakiwa na mabamba mawili. Alipiga la kwanza akitumia kichujio cha rangi ya manjano mbele ya lenzi, kama ilivyokuwa desturi. Mara tu baada ya kulipiga alitambua kwamba picha itakayotoka itakuwa sahihi lakini haitakuwa na kile alichokuwa akikisikia moyoni. Mbingu ingetokea kijivu cha kawaida, na jabali lingeonekana kuwa jiwe kubwa tu. Ndipo akaweka kichujio chekundu. Kichujio chekundu huzuia mwanga wa bluu usipite, na kwa kuwa anga ni bluu, katika picha ya rangi nyeusi na nyeupe anga hiyo hugeuka kuwa karibu nyeusi. Akalifungua tundu la lenzi kwa sekunde tano, akalitumia bamba lake la mwisho. Picha iliyopatikana, iitwayo Monolith, inaonyesha uso wa jabali ukitoka katika giza la mbingu kama kitu kinachotisha na kutukuka kwa pamoja.

Hapa ndipo penye kiini cha sanaa yake. Mbingu ya siku ile haikuwa nyeusi. Mtu yeyote aliyesimama pale aliiona ya bluu. Lakini Adams aliiona picha yake kwa jicho la moyo kabla ya kuifyatua kamera, kisha akautumia ufundi wote aliokuwa nao ili kile alichokiona ndani kitokee juu ya kioo. Baadaye aliifanya njia hii kuwa fundisho rasmi: mpiga picha asiyejua picha yake itakavyokuwa kabla ya kuipiga bado hajaanza kazi.

Mwaka 1930 alikutana huko New Mexico na mpiga picha Paul Strand, na baada ya kuziona negativu za Strand aliazimia kuyatoa maisha yake kwa kamera. Mwaka 1932 yeye na wenzake, wakiwamo Edward Weston, Imogen Cunningham na Willard Van Dyke, walijikusanya katika kundi walilolipa jina la f/64, ambayo ni alama ya mojawapo ya matundu madogo kabisa ya lenzi za kamera kubwa. Tundu likiwa dogo hivyo, kila kitu huonekana kwa uwazi, kuanzia jiwe lililo miguuni hadi kilele kilicho mbali. Kundi hilo lilipinga mtindo uliokuwa ukipendwa siku hizo, wa kuzififiza picha kwa makusudi ili zifanane na michoro ya rangi. Wao walisema kamera iwe kamera. Basi msomaji ataona kwamba ubunifu wa Adams haukuwa wa kuvuruga maumbile. Umbo la jiwe alilihifadhi kwa uaminifu mkubwa; alichokitawala ni mwanga.

Ngazi ya Mwanga

Kuutawala mwanga kunataka kipimo. Kati ya mwaka 1939 na 1940, alipokuwa akifundisha jijini Los Angeles, Adams alitunga pamoja na mwalimu mwenziwe, Fred Archer, utaratibu wa kuugawa mwanga wote wa picha katika daraja kumi na moja, kuanzia sifuri hadi kumi. Daraja la sifuri ni weusi mtupu usio na kitu ndani yake, na la kumi ni weupe wa karatasi yenyewe. La tano, lililo katikati, ni kijivu cha wastani. Kutoka daraja moja hadi la pili mwanga huongezeka mara mbili. Mpiga picha hutazama kivuli, mathalani kilicho chini ya mti, akaamua: kivuli hiki nakitaka daraja la tatu, ili kiwe cheusi lakini magome ya mti yaonekane. Uamuzi huo humwambia kiasi cha mwanga wa kuingiza katika kamera. Kisha hutazama sehemu inayong'aa, labda theluji, na kwa kurefusha au kufupisha muda wa kuisafisha filamu katika dawa huipandisha au kuishusha sehemu hiyo hadi daraja alitakalo. Anayekijua kinanda atauona undugu uliopo kati ya daraja hizo na sauti za muziki zinavyopanda na kushuka.

Ujuzi huo ulimwokoa tarehe 1 Novemba, 1941, huko New Mexico. Jioni akiwa njiani kwa gari aliona mwezi ukipanda juu ya kijiji cha Hernandez, na jua lililokuwa likizama lilikuwa bado linaiangaza misalaba ya makaburi kando ya kanisa. Alisimama kwa ghafla, akaifunga kamera juu ya miguu yake, lakini kipima mwanga hakikuonekana. Hapo akakumbuka kiasi cha mwanga wa mwezi, jambo alilokuwa amelihifadhi kichwani, akakipiga hesabu papo hapo na kufyatua. Alipojiandaa kupiga mara ya pili jua lilikuwa limeiacha misalaba. Picha ikabaki moja tu. Kutokana na negativu hiyo moja alichapa nakala zaidi ya 1,000 katika muda wa miaka mingi, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo alivyoifanya mbingu yake kuwa nyeusi zaidi.

Tuliweke akilini jambo moja kuhusu picha hii, maana tutalirejea. Picha hiyo, ambayo ni miongoni mwa zilizompatia sifa kubwa kuliko zote, si ya pori tupu. Ndani yake mna nyumba, mna kanisa na mna makaburi ya watu.

Picha Mbele ya Watunga Sheria

Picha za milima hazikubaki ukutani. Nchini Marekani zilikuwa zimekwisha zoea kuingia katika mabaraza ya sheria. Mwaka 1861 mpiga picha Carleton Watkins alipeleka Yosemite, juu ya migongo ya nyumbu, kamera kubwa kupita kiasi na mabamba ya kioo yenye upana unaokaribia nusu mita. Picha zake zilipofika miji ya mashariki watu walishangaa, na zinahesabiwa miongoni mwa mambo yaliyowavuta wakubwa wa serikali kuikubali sheria aliyoitia saini Rais Abraham Lincoln mwaka 1864, ya kulitenga bonde hilo kwa manufaa ya umma. Hifadhi ya Taifa ya Yosemite ikafuata mwaka 1890.

Adams aliifuata njia hiyo. Mwaka 1936 alikwenda Washington kwa niaba ya Sierra Club, akiwa na picha zake mkononi, kuomba eneo la Kings Canyon lifanywe hifadhi. Hakufanikiwa. Mwaka 1938 alichapisha kitabu cha picha za Sierra Nevada, nakala 500 tu, na nakala moja akampelekea Harold Ickes, waziri aliyesimamia ardhi za serikali na hifadhi. Ickes akamwonyesha Rais Franklin Roosevelt. Mwaka 1940 sheria ya kuianzisha Hifadhi ya Taifa ya Kings Canyon ilipitishwa. Sheria haitungwi na picha peke yake. Kulikuwa na wanachama, barua na mabishano ya miaka mingi. Lakini ni wazi kwamba wabunge wengi waliopiga kura hawakuwahi kukanyaga milima hiyo. Waliijua kwa jicho la mpiga picha, na kile asichowaonyesha hawakukijua.

Yaliyobaki Nje ya Picha

Mwaka 1944 Adams alipiga picha ya mapambazuko ya kipupwe katika mji mdogo wa Lone Pine. Vilele vyenye theluji vinang'aa kwa nyuma, mbele yake pana safu ya vilima vyeusi, na chini kabisa farasi analisha katika doa la mwanga. Juu ya vilima hivyo vijana wa shule ya mji walikuwa wamepanga mawe meupe kuwa herufi mbili kubwa, alama ya mji wao. Adams alizifuta herufi hizo katika negativu, na hakulificha jambo hilo. Alilieleza mwenyewe waziwazi, kwa kuwa aliona kwamba zilikuwa kovu juu ya uso wa kilima. Katika sanaa kufuta si dhambi. Hata mshairi hufuta. Lakini hapa tunaona wazi mkono unaolifanya pori liwe pori.

Mwaka huohuo alipiga picha ya mlima Williamson: uwanda wa mawe makubwa, na mbali kabisa miale ya jua ikipenya mawingu. Mtazamaji angedhani ni dunia siku ya kwanza ya kuumbwa. Kwa hakika picha hiyo ilipigwa Manzanar, karibu na kambi ambamo serikali ya Marekani iliwafungia zaidi ya watu 10,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao wakiwa raia wa nchi hiyo. Haki inatutaka tuseme yote: Adams alikwenda Manzanar kwa hiari yake ili kuwapiga picha watu hao wakiwa kazini, shuleni na majumbani, na mwaka 1944 alitoa kitabu cha kuwatetea, wakati ambapo kuwatetea hakukumpatia sifa. Basi watu aliwaona, na aliwaheshimu. Ila katika picha ile ya mlima hawaonekani.

Mgawanyo huo unaonekana wazi zaidi Yosemite kwenyewe. Bonde hilo lilikuwa makao ya watu wa Ahwahneechee, ambao chakula chao kikuu kilikuwa unga wa mbegu za mwaloni. Kila baada ya muda waliyachoma majani ya bonde ili miti midogo isisonge na mialoni ipate nafasi. Hivyo yale malisho mapana yaliyowafanya wageni wa kwanza kusema kwamba bonde linafanana na bustani yalikuwa matokeo ya kazi ya watu. Mwaka 1851 kikosi cha wapiganaji wa Kizungu kiliingia bondeni, kikachoma vijiji na akiba za chakula, na kumfukuza mkuu wao, Tenaya, pamoja na watu wake. Baadhi yao walirudi, wakaishi humo kwa miaka mingi wakifanya vibarua na kuuza vikapu. Walikuwapo bondeni wakati Adams alipofika mara ya kwanza mwaka 1916, na walikuwapo alipopiga picha zake mashuhuri. Kijiji chao cha mwisho kilivunjwa mwaka 1969. Moto wao ulipopigwa marufuku, misonobari ilianza kuyafunika malisho.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1964 kuhusu maeneo ya pori humweleza binadamu kuwa ni mgeni apitaye katika nchi hizo, asiyekaa. Kwa mtu wa Ahwahneechee maelezo hayo hayana maana. Alikolia kitovu chake hawezi kupaita pori. Kwa lugha yetu tungesema kwamba picha kubwa za Yosemite, pamoja na uzuri wake wote, ni picha za mahame zilizopewa jina la pori.

Nyika Zetu

Sasa turudi nyumbani, maana kamera ya pori ilifika kwetu mapema. Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka katika nchi ya Wamaasai na pande za Kilimanjaro akipiga picha za simba na pundamilia usiku kwa kuwasha unga wa kutoa mmweko, na kitabu chake cha mwaka 1905 kilisomwa sana Ulaya. Mizigo ya vioo, dawa na mitego ya kamera ilibebwa na wapagazi. Usiku wa nyika aliouonyesha ulikuwa na jasho la watu ambao picha zake mashuhuri haziwaonyeshi.

Zaidi ya hayo, nchi aliyoikuta ilikuwa imetoka katika msiba. Mnamo miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki, njaa na ndui vikafuata, na makundi ya Wamaasai wakafa au kutawanyika. Mahali palipokuwa malisho pakaota vichaka. Mgeni aliyepita hapo akaandika kwamba ameona pori la tangu azali, kumbe lilikuwa mahame ya jana.

Serengeti ni jina la Kimaasai lenye maana ya uwanda mpana usio na mwisho. Jina hilo peke yake ni ushahidi kwamba walikuwapo watu wa kulitoa. Hata hivyo mwaka 1959 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipopangwa upya, Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani yake walihamishiwa Ngorongoro. Mwaka huohuo ndipo ilipotoka sinema ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael juu ya Serengeti, sinema iliyoiteka dunia na kuwasadikisha mamilioni ya watu kwamba uwanda huo ni wa wanyama peke yao. Vivyo hivyo, katika miaka ya 1940 wakazi wengi wa sehemu za Liwale walihamishwa, sababu iliyotolewa ikiwa ni malale, na nchi yao ikatiwa katika pori la wanyama la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Leo mtalii huipiga picha na kusifu upweke wake.

Hatusemi haya ili kuzikana hifadhi. Mwezi Septemba, 1961, huko Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza mbele ya mataifa kwamba wanyama na mapori ni amana ambayo taifa jipya linajitwika kuitunza, na tembo na nyumbu wanaoonekana leo wanaonyesha kwamba ahadi hiyo ilikuwa na uzito. Lakini kutunza nchi ni jambo moja, na kusahau ni nani aliyeikalia ni jambo jingine. Taifa laweza kufanya la kwanza bila ya kufanya la pili.

Tamati

Je, tuutupe ufundi wa Adams? Hasha. Fundi aliyejua kuufuta mwandiko wa mawe juu ya kilima ametuachia elimu ileile inayoweza kuufanya mwandiko huo usomeke. Tutoe mfano mmoja wa kumalizia.

Huko Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kuna mabaki ya mashamba na vijiji vya wakulima walioishi kati ya karne ya 15 na ya 18. Walichimba mifereji ya kuyateremsha maji kutoka milimani, wakapanga mawe kuwa matuta na mipaka ya mashamba katika eneo kubwa, kisha wakahama. Mtu akifika hapo adhuhuri, jua likiwa utosini, kamera yake itamwonyesha uwanda wenye mawe na miiba. Kwa jina moja, pori. Lakini akifika alfajiri, jua likiwa limelala chini, kila safu ya mawe hutupa kivuli chake. Mpiga picha aliyejifunza kuipima ngazi ya mwanga ataviweka vivuli hivyo katika daraja la tatu, vionekane bila ya kuzama, na nyuso za mawe zenye jua ataziweka katika daraja la saba. Atavuta subira kama Adams alivyoivuta, akiwa amekwisha iona picha moyoni kabla ya kuifyatua. Hapo mashamba yatajitokeza moja baada ya moja, mfereji hadi mfereji, mpaka wote.

Kabla ya kufyatua, inampasa mpiga picha huyo afanye jambo moja ambalo halimo katika vitabu vya ufundi. Awaulize wazee wa karibu jina la mahali hapo na majina ya waliokuwapo, ayaandike nyuma ya picha. Jina likikosekana, mwanga peke yake hautatosha kumweleza mjukuu wake kama anatazama pori au mahame.